Je, Wajua? Kitongoji cha Mlangoni mwa Brussels

Je, wajua kwamba ukipanda treni ya kasi London ukashuka kituo cha Midi, Brussels, miguu yako bado haijagusa Jiji la Brussels? Umesimama Saint-Gilles. Kile ambacho dunia inakiita Brussels ni mkusanyiko wa manispaa 19, kila moja na meya wake, madiwani wake na majivuno yake. Jiji la Brussels lenyewe ni moja tu kati ya hizo, na kituo chake kikubwa cha reli kiko kwa jirani.

Jirani huyo ni mdogo wa umbo. Eneo lake ni kilomita za mraba 2.5 hivi, na watu wake wanakaribia 50,000. Kwa msongamano, manispaa zinazoshindana naye Ubelgiji nzima ni chache mno.

Je, wajua kwamba hapo palikuwa malisho na mashamba ya mboga? Kitongoji kilikaa juu ya mwinuko, kusini mwa kuta za jiji, kikiitwa Obbrussel, yaani Brussels ya Juu. Mwaka 1216 abasia ya watawa wa kike wa Forest ilikipa parokia yake. Msimamizi wake alikuwa Mtakatifu Gilles, yule mkaa-pweke wa kusini mwa Ufaransa ambaye masimulizi yanasema aliishi msituni na paa jike, na ambaye wenye ulemavu na ombaomba wanamwita mlezi wao. Kwa kitongoji cha wakulima nje ya ukuta wa matajiri, naona walichaguliwa mtakatifu wa kufaa.

Mwaka 1296 jiji likakitia mkononi. Kikakaa chini ya jiji karibu miaka 500, hadi 1795, Wafaransa wa Mapinduzi walipokitenga kiwe mji unaojitegemea. Tangu hapo hakijarudi. Mwaka 1921 Jiji la Brussels lilimeza Laeken, Haren na Neder-Over-Heembeek kwa mpigo, lakini Saint-Gilles likaikosa.

Je, wajua kwamba mwenyeji wa Saint-Gilles ana jina la utani, naye haoni haya kulitamka? Ni *kuulkapper*, mkata kabichi. Zile kabichi ndogondogo zinazoota zimeshikana na shina, ambazo Ulaya nzima inaziita kwa jina la Brussels, zililimwa kwenye miteremko ya Obbrussel kulisha jiji lililokuwa linavimba. Husimuliwa kwamba wakulima walizipenda kwa sababu shina linapanda juu: shamba dogo, mavuno mengi. Majirani wa Schaerbeek wao waliitwa watu wa punda, kwa kuwa cheri zao chachu zilifika sokoni mgongoni mwa wanyama hao. Kila kitongoji cha pembeni kilikuwa na mzigo wake.

Hapo ndipo ninapoona siri ya mahali hapa. Karibu kila kitu ambacho Saint-Gilles inakionyesha leo kama urithi imekipata kwa kukaa mlangoni mwa mwenye nguvu. Jiji lilitaka mboga, likazipata mlangoni. Lilitaka ngome, jela, kiwanda cha sarafu, stesheni: vyote vikawekwa mlangoni.

Mlango wenyewe bado upo. Porte de Hal, lango la mawe la mwaka 1381, linasimama mpakani mwa jiji na Saint-Gilles, na zamani lilikuwa likitajwa kwa jina la Obbrussel. Malango mengine ya ukuta ule yamebomolewa yote. Hili liliponea kwa kuwa lilitumiwa kama jela. Sasa ni makumbusho.

Ngome haikuwa na bahati hiyo. Katika miaka ya 1670 Wahispania, waliokuwa wakitawala nchi hizo, walijenga ngome mlimani wakaiita Monterey kwa jina la gavana wao. Imebaki barabara tu, Rue du Fort.

Je, wajua kwamba katikati ya Saint-Gilles kuna njiapanda ya barabara saba iitwayo Barrière, na jina hilo limetokana na kizuizi cha ushuru? Mwenye mkokoteni alilipa kwanza, kisha akapita. Hapo pamesimama sanamu ya msichana mchota maji, kazi ya mchongaji Julien Dillens. Msichana huyo anawakilisha wale walionywesha farasi waliokuwa wakivuta mabehewa ya abiria kupanda mlima, wakati tramu ilikuwa bado inakula nyasi. Inayopigwa na mvua njiapandani ni nakala. Ile ya asili imehifadhiwa ndani ya jengo la manispaa. Nchi ngapi zinamjengea sanamu mchota maji? Kwetu zimejaa za majenerali.

Lakini mchongaji huyo ana habari nyingine. Dillens alikuwa miongoni mwa wasanii wa Ubelgiji waliochonga pembe za ndovu kutoka Kongo, iliyokuwa mali binafsi ya Mfalme Leopold II kuanzia 1885 hadi 1908. Mfalme alitaka pembe zipate soko na heshima, na watumishi wake wakawapa wachongaji malighafi hiyo ili kazi zao zipambe maonyesho ya Antwerp mwaka 1894 na ya Tervuren mwaka 1897. Mkono uliomchonga mchota maji wa kitongojini ndio uliochonga pembe za Kongo. Tutarudi huko.

Maji hayajaisha. Je, wajua kwamba Saint-Gilles na manispaa jirani zilipochoka kulitegemea jiji kwa maji, ziliunda shirika lao mwaka 1891 na kuyafuata maji hadi mto Bocq, kule mkoa wa Namur? Ushindi huo ulihitaji sanamu, na kazi ikapewa Jef Lambeaux. Akaleta mungu-mke wa Bocq, uchi kama alivyozaliwa. Waheshimiwa wakashtuka. Sanamu ikafichwa, na haikuwekwa mahali pake hadi mwaka 1976. Vita vya maji walivishinda mapema sana kuliko vita vya nguo.

Jengo la manispaa inakokaa sanamu hiyo lilijengwa kati ya 1900 na 1904 na msanifu Albert Dumont, kwa mtindo wa makasri ya Ufaransa. Dari ya ukumbi wa ndoa ni kazi ya Fernand Khnopff, mmoja wa wachoraji wakubwa wa Ubelgiji wa enzi hiyo. Maharusi wa Saint-Gilles, hata wale wa mfuko mtupu, wanakula kiapo chini yake.

Sasa twende kwenye nyumba, maana hapo ndipo panapowavuta watalii. Mwaka 1860 Ubelgiji ilifuta kodi iliyokuwa ikitozwa bidhaa zinapoingia mijini. Kuishi ndani au nje ya ukuta kukapoteza tofauti, na mashamba ya kabichi yakaanza kukatwa viwanja. Wenye pesa mpya, wahandisi na mawakili, walitaka nyumba zisizofanana na za baba zao.

Je, wajua kwamba mojawapo ya nyumba mbili za kwanza kabisa za mtindo wa Art Nouveau iko Saint-Gilles? Ni ya msanifu Paul Hankar, Rue Defacqz namba 71, mwaka 1893. Nyingine ya mwaka huohuo, Hôtel Tassel ya Victor Horta, iko hatua chache tu kutoka hapo, ng'ambo ya mpaka wa manispaa.

Mwaka 1893! Msomaji wa Kigoma, Kasongo au Unguja atauangalia mwaka huo kwa jicho jingine. Ndio mwaka ambao jeshi la Leopold liliteka Nyangwe mwezi Machi na Kasongo mwezi Aprili, katika vita vya 1892 hadi 1894 dhidi ya waungwana wa Manyema. Kabla ya hapo pembe za Manyema zilitoka Ujiji, zikapita Tabora, zikafika Bagamoyo kwa migongo ya wapagazi, zikavuka hadi Unguja. Baada ya hapo ziliteremka mto Kongo hadi bahari ya Atlantiki, zikashushwa Antwerp. Biashara ilibadili bandari, na matajiri wakabadili nyumba.

Hankar huyohuyo alipewa kazi mwaka 1897 katika maonyesho ya kikoloni ya Tervuren, nje kidogo ya Brussels, akapamba ukumbi wa vitu vya Waafrika, na katika maonyesho hayo mbao za Kongo zilitumika kujengea na kupambia. Nje ya ukumbi waliwekwa watu. Wakongomani 267 walisafirishwa kuja kutazamwa katika vijiji vya kuigiza, majira ya joto ya Ubelgiji ambayo mwaka ule hayakuwa na joto. Saba walikufa: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Makaburi yao yako kando ya kanisa la Tervuren hadi leo.

Vitabu vya watalii vinasema mtindo huu ulitokana na mizabibu, mashina na mawimbi. Sikatai, mistari inajipinda kweli. Lakini hata Ulaya kwenyewe wapo waliouita Mtindo wa Kongo wakati ule, na kati ya nyumba nne za Horta zilizoingizwa pamoja katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, moja ilijengwa kwa ajili ya Edmond van Eetvelde, aliyekuwa akiendesha mjini Brussels ofisi za Dola Huru ya Kongo, ile mali ya Leopold. Kuizungumzia sanaa hii bila Kongo ni kusifu pilau na kumsahau mwenye mchele.

Nyumba ya Horta mwenyewe, Rue Américaine namba 23 na 25, ilijengwa kati ya 1898 na 1901. Ngazi zake zinapanda kufuata mwanga chini ya paa la vioo, na huko juu vioo viwili vinatazamana hadi taswira haina mwisho. Chumba cha kulia kina kuta za matofali meupe yenye kung'aa, aina ambayo wenzake waliiona inafaa jikoni au uani. Na chumbani, ndani ya kabati karibu na kitanda, kuna chombo cha kukojolea kinachovutwa nje, ili bwana mkubwa asisumbuke na baridi ya usiku. Aliiuza mwaka 1919, baada ya kukaa Marekani wakati wa vita. Tangu 1969 ni makumbusho.

Harakaharaka: barabara ya Vanderschrick ina nyumba 17 za Ernest Blerot zilizopangana upande mmoja, hakuna iliyo pacha wa mwenzake. Nyumba ya Hannon, kwenye kona ya Avenue Brugmann, ilijengwa na Jules Brunfaut kwa mhandisi aliyependa kupiga picha, na mwaka 2023 ikafunguliwa kama makumbusho. Na kituo cha tramu za chini ya ardhi kiitwacho Horta kimepambwa kwa mabaki ya majengo ya Horta ambayo Brussels iliyabomoa yenyewe, kisha ikajuta.

Je, wajua kwamba sarafu za kwanza za Kongo zilipigwa Saint-Gilles? Kiwanda cha kifalme cha sarafu kilikuwa hapa miaka ya 1880, na mwaka 1887 Dola Huru ya Kongo ikatoa fedha zake kutoka kwenye mitambo ya Brussels: za shaba za senti 1, 2, 5 na 10 zenye tundu katikati na nyota ya pembe tano, na za fedha zenye sura ya Leopold. Tundu lile liliwezesha sarafu kutungwa kwenye uzi, kama watu walivyozoea kutunga shanga na simbi. Mwaka huohuo wa 1887, Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, alikubali kule Unguja kuwa wali wa Leopold huko Stanley Falls. Kwa mkono mmoja mfalme alimwajiri mfanyabiashara mkubwa wa njia ya zamani, kwa mkono wa pili akaandaa fedha ya njia mpya. Kiwanda kimeshabomolewa. Jina lake limebaki kwenye barabara na kwenye kituo cha metro, Hôtel des Monnaies, na abiria wengi wanaopita hapo hawana habari.

Ukiona kasri lenye minara upande wa kusini wa manispaa, usikimbilie kupiga picha ya harusi. Hilo ni gereza. Lilikamilika mwaka 1884, na sura yake ya kifalme ilikusudiwa kumtisha mtu kabla hajaingia. Mwaka 1915 Wajerumani walimfungia humo muuguzi Mwingereza Edith Cavell, aliyewasaidia askari wapatao 200 kutoroka Ubelgiji iliyokuwa imetekwa. Alikaa kama wiki kumi, kisha tarehe 12 Oktoba akapigwa risasi kule Schaerbeek. Mbelgiji Gabrielle Petit naye alipitia gereza hilo, akauawa tarehe 1 Aprili 1916.

Vita Kuu ya Pili ina kisa cha kufurahisha zaidi, nami nakipenda kuliko vyote vya Saint-Gilles. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba 1944 Waingereza walikuwa wamekaribia Brussels. Wajerumani wakawatoa wafungwa wa kisiasa wapatao 1,500 gerezani, wakawapakia kwenye treni ya mizigo stesheni ya Midi, safari ya kambi za Ujerumani. Wafanyakazi wa reli wakagundua maradhi ya ghafla. Injini hii ikaharibika, nyingine haikuwa na maji, dereva huyu akaugua, yule akaonekana hajui njia, na taa nyekundu hazikuisha. Treni ilijikokota siku nzima, ikafika Mechelen, mwendo wa kilomita zisizozidi 30, kisha ikarudishwa Brussels. Tarehe 3 Septemba wafungwa wakashuka wakiwa huru, siku ileile majeshi ya Uingereza yalipoingia mjini. Wabelgiji wanaiita treni ya mizimu. Sijasikia mgomo baridi mwingine uliookoa roho nyingi namna hiyo.

Gereza jipya lilifunguliwa Haren mwaka 2022, na wafungwa wa Saint-Gilles wakaanza kuhamishiwa huko.

Je, wajua kwamba jengo refu kuliko yote Ubelgiji ni la wastaafu? Tour du Midi, karibu mita 150, ilimalizika mwaka 1967 kando ya stesheni na ndiyo makao ya idara ya pensheni. Mzee anayefuatilia mafao yake Saint-Gilles walau anajua pa kwenda. Mnara anauona tangu mbali.

Kando ya stesheni hiyohiyo, juu ya jengo la wachapishaji wa Lombard, kuna vichwa vikubwa vya Tintin na mbwa wake vinavyozunguka usiku kwa taa tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Ni alama inayolindwa. Mchoraji wake, Hergé, alianza kuchora safari ya Tintin kwenda Kongo mwaka 1930, naye hakuwahi kukanyaga Kongo. Inaonekana wazi.

Stesheni ilileta pia majirani. Ubelgiji ilisaini mkataba wa wafanyakazi na Italia mwaka 1946, na Uhispania mwaka 1956, na Moroko mwaka 1964. Wengi walishuka Midi, na wengine hawakuona sababu ya kwenda mbali na kituo walichoshukia. Wareno nao wakaja, kisha Wapoland. Jumapili soko la Midi linafurika hadi huoni ulipokanyaga: mizeituni, mnanaa, vitambaa, kuku wa kuchoma, kelele za bei kwa Kiarabu na Kifaransa. Huko juu, kwenye uwanja wa Parvis mbele ya kanisa la Mtakatifu Gilles, kuna ukumbi wa burudani wa mwaka 1905, Aegidium, wenye chumba kilichopambwa kwa mtindo wa Wamori wa Andalusia. Uliwekwa hapo kwa ajili ya anasa za wenyeji, miaka karibu 60 kabla ya Wamoroko wenyewe kuja kufanya kazi.

Wakongomani walipiga kambi zaidi Ixelles, manispaa ya jirani, katika mtaa walioupa jina la Matonge kwa kukumbuka ule wa Kinshasa. Lingala ndiyo inayotawala pale, ila Kiswahili cha Bukavu, Goma na Lubumbashi nacho utakisikia kwenye viti vya saluni.

Na kandanda? Royale Union Saint-Gilloise ilianzishwa mwaka 1897, mwaka uleule wa maonyesho ya Tervuren. Kati ya 1933 na 1935 ilicheza mechi 60 za ligi bila kufungwa, ikafikisha ubingwa wa 11, kisha ikaporomoka. Ilipotea daraja la kwanza kwa miaka 48 hadi 2021. Mei 2025 ikachukua ubingwa wa 12, baada ya kungoja miaka 90. Kikosini alikuwamo Noah Sadiki, mzaliwa wa Brussels na kiungo wa timu ya taifa ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambaye baadaye alihamia Sunderland. Washabiki wa Dar es Salaam wanaoikumbuka Ligi ya Ubelgiji kwa sababu ya Mbwana Samatta na ubingwa wa Genk mwaka 2019 sasa wana timu nyingine ya kuifuatilia. Ila wasiutafute uwanja wake Saint-Gilles, hawatauona. Uko Forest, ardhi ya wale masista waliokipa kitongoji parokia yake.

Wageni wa kwetu wakifika Brussels hupelekwa Matonge, wakala, wakasuka, wakarudi hotelini. Nawaomba watembee nusu saa zaidi hadi Rue Américaine. Mwongozaji akimaliza kusifu ngazi na vioo, mwulizeni kuhusu pembe na mbao za Kongo. Kisha, siku mkipata nafasi, nendeni Tervuren mkayaone makaburi saba.